Kitabu cha Kumpeleka Wilf Malta

Chai ya Enid Sugden ilikuwa nzito hivi kwamba ukitumbukiza kijiko kinasimama wima katikati ya kikombe, na ukizembea kukitoa, utakipata kimeliwa nusu. Aliiuza katika kibanda chake karibu na mlango wa kaskazini wa soko la Skelbeck, mji mdogo wa bondeni huko Uingereza, na asubuhi za baridi wauza samaki hawakuinunua ili kuinywa. Waliinunua wapate kukikumbatia kikombe. Enid mwenyewe alikuwa mfupi, mpana, nywele za mvi zimekatwa kama zilizofuata ukingo wa bakuli, na ulimi wake Mungu alimpa akasahau kuufunga breki.

"Mpenzi, koti hilo umelinunua au umelifumania?" humwambia mteja ambaye hajapata kumwona.

Na hilo la mpenzi usilishangae. Skelbeck kila mtu ni mpenzi, hata askari anayekuandikia faini. Mteja hutahayari, hunywa, huondoka, na kesho yake hurudi. Mara nyingi hurudi amevaa koti jingine.

Mumewe Wilfred, Wilf kwa waliomzoea, alikuwa mtu wa maneno ya kupimwa kwa kijiko. Maisha yake yote ya kazi aliendesha basi la kupanda mlima na kushuka, na tangu astaafu kazi yake ilikuwa kusoma. Hakusoma hadithi wala magazeti. Alisoma maelekezo. Likinunuliwa birika jipya, halichemshi maji nyumba ile mpaka Wilf amekimaliza kijitabu chake mwanzo hadi mwisho, pamoja na kurasa za Kifaransa asizojua hata neno. "Nataka nijue hawajaficha kitu huko," husema.

Alikuwa na sababu yake. Zamani, wangali vijana, karatasi moja ya matangazo iliwaahidi chumba cha kuona bahari huko Wales. Na kweli bahari ilionekana, ila mpaka upande juu ya choo, ushike bomba, na mwenzako akushike miguu. Waliitazama bahari kwa zamu juma zima. Tangu hapo Wilf akaapa kwamba neno la kuandikwa lisilo kweli halimtoi tena Skelbeck.

Ndiyo maana kila Agosti walikwenda mahali pale pale, pwani ya mashariki, kwenye karavani ya Bibi Braithwaite: kijumba cha magurudumu kilichosahau kuwa kina magurudumu. Wilf alikijua kila msumari. Na bahari ya pale, jamani! Samaki wake wakivuliwa hukutwa wamevaa fulana. Kila mwaka Enid aliingia, kwa sababu amekuja baharini na mtu hawezi kuja baharini asiingie, na kila mwaka maji yalipomfika kiunoni alipiga yowe. Safari moja yowe lile lilifika stesheni, mkuu wa kituo akadhani ni filimbi, akaruhusu treni ikaondoka abiria wake wakiwa bado wanakata tiketi.

Enid hakuwa mtu wa kutamani mambo. Lakini hili alilitamani: kuingia baharini, hata mara moja tu, bila kupiga yowe. Akae mle majini kama mtu akaavyo sebuleni kwake. Na ilikuwa mwaka huu au basi, maana goti lake la kushoto lilikuwa limeanza mgomo, na daktari alikwisha kulitazama kwa jicho la fundi seremala.

Alimwambia Wilf jioni moja ya mwezi wa pili, wakati wa kula. Mvua ilikuwa ikigonga dirisha kama mtu anayedai kodi.

"Malta," alisema. "Maji yake ya moto."

Wilf akaweka uma chini. "Mtume Paulo alikwenda Malta."

"Najua."

"Meli ikavunjika."

"Wilf."

"Akafika pwani amelowa chapachapa, akaokota kuni angalau aote moto, nyoka akamng'ang'ania mkono. Na hiyo ni siku ya kwanza, Enid. Hata begi hajafungua."

"Na hakufa."

"Kwa sababu ni mtume. Mimi ni dereva wa basi."

"Tena imeandikwa wenyeji walimfanyia wema usio wa kawaida. Au mstari huo miwani yako haikuufikia?"

Wilf akachukua uma tena, akatafuna. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyewahi kudanganywa. Tena kulikuwa na jambo la Bibi Braithwaite. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa pili, mama huyo husimama mlangoni mwa kanisa baada ya ibada akiwauliza watu wake kama watakuja karavani Agosti. Ukisema hapana, juma lako linakwenda kwa mwingine na hulipati tena mpaka mtu afe. Akina Hardcastle walikuwa wakilinyatia juma la akina Sugden miaka nenda miaka rudi, na kila Krismasi walimuuliza Wilf hali ya kifua chake kwa upole uliozidi.

"Nitafutie kitabu cha huko Malta," alisema Wilf hatimaye. "Kitabu kisichosema uongo. Ukikipata kabla ya Jumapili, nitakwenda. Usipokipata, namjibu Bibi Braithwaite ndiyo, na mambo ya Malta tusiyasikie tena."

Enid akampa mkono juu ya viazi, wakapatana.

Kitabu cha kwanza alikipata kwa shoga yake Beryl Ogden, muuza samaki, ambaye alikwisha kwenda Malta akarudi na rangi ya kamba aliyechemshwa. Kilikuwa kikubwa, kizito, chote picha. Wilf akakifungua, akafunua, akafunua tena.

"Watu wa huku wako wapi?"

"Watu gani?"

"Wenyeji. Naona mbingu ya bluu, mlango wa bluu, mashua ya bluu, paka. Hakuna hata mtu mmoja anayengoja basi. Wamekufa?"

"Wapo kazini, Wilf."

"Na vyoo? Kitabu kizito kama jiwe la kusagia, na choo hakimo hata kimoja." Akakifunga kwa heshima, akamrudishia.

Jumamosi mchana, Enid alimwachia Beryl kibanda, akapanda kilima na goti lake mpaka duka la vitabu la Hilary Crabtree. Hilary alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba, mpole kiasi kwamba ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Akamtolea vitabu vitatu vya wasafiri wa Malta, kimoja cha jalada la kijani, kimoja chekundu, kimoja cha kijivu, akamwekea kiti, akaenda kumletea chai.

Enid akavisoma. Cha kijani kilisema Malta ni johari. Chekundu kilisema Malta ni lulu. Cha kijivu hakikuisifu kwa kito chochote, lakini herufi zake zilikuwa ndogo kama mbegu za haradali na picha hakikuwa nayo. Sasa mtu ambaye hajapata kutia mguu Malta atajuaje nani mkweli? Kitu chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hivi vyote vitatu vilikuwa vimekaa rafuni kimya, hakuna kilichojitembeza.

Hilary akarudi na kikombe. Enid akaonja.

"Mpenzi, majani ya chai yamepita humu kikombeni, au yamepita barabarani tu?"

"Samahani sana, Enid."

"Usiniombe mimi radhi, iombe chai." Kisha akasimamisha kikombe njiani, maana wazo lilikuwa limemjia. Sokoni, muuza samaki mgeni akija, Enid hamwulizi habari za samaki. Humwuliza habari za kitu ambacho yeye Enid anakijua tayari: ametoka mji gani, barabara ya huko ikoje, mvua ilinyesha lini. Akidanganya hapo, samaki wake asinunuliwe. "Hilary, hawa waliochapa vitabu hivi, wamechapa na vya Uingereza?"

"Wote watatu."

"Vilete. Nataka kuona wamesema nini juu yetu."

Hilary akacheka kidogo, akaomba radhi kwa kucheka, akapanda ngazi akavishusha.

Cha kijani kilikuwa na mstari mmoja: barabara inapita Skelbeck. Basi. Kama vile barabara ndiyo yenye akili na mji ni kokoto.

Chekundu kiliandika ukurasa mzima. Skelbeck ni kijiji cha kupendeza chenye waridi milangoni, jua lake la asubuhi halisahauliki, wenyeji wake ni wakarimu, wapole wa maneno, na kutoka mnara wa kanisa msafiri ataiona bahari iking'aa. Enid akasoma mara mbili. Kutoka Skelbeck mpaka bahari ni nusu siku kwa basi, na Wilf ndiye shahidi. Waridi la mwisho mjini mle lilikufa kwa unyevu zamani za marehemu mama yake.

Akafungua cha kijivu.

"Skelbeck," kilisema. "Mvua hunyesha hapa hata mahali pengine pote pakiwa pakavu. Njoo na koti; mwavuli utageuzwa na upepo. Kanisa hufungwa, ufunguo uko nyumba ya jirani yenye mlango wa bluu, usigonge wakati wa chakula. Pai za nyama ni nzuri lakini huisha kabla ya saa sita mchana. Sokoni, karibu na mlango wa kaskazini, kuna chai iliyo bora kuliko zote bondeni. Mama anayeiuza atakwambia anavyoliona koti lako bila kuulizwa. Vumilia. Usiombe limau."

Damu ikampanda Enid kutoka shingoni mpaka kwenye mvi. Akamkumbuka papo hapo! Kijana mmoja mwembamba, begi mgongoni, aliyeomba limau. Alimwuliza kama anaumwa.

"Bila kuulizwa!" akasema. "Hilary, soma hapa. Mimi nasema bila kuulizwa?"

Hilary hakuwa amesema uongo maishani mwake, wala ukweli unaoudhi. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. "Una moyo mkubwa sana, Enid."

"Nimekuuliza mdomo, wewe wanijibu moyo!"

"Samahani."

"Nifungie chekundu."

"Chekundu? Lakini bahari haionekani kutoka kwenye..."

"Nimesema chekundu, mpenzi. Kina adabu."

Alijua. Alijua kama anavyomjua samaki aliyelala barafuni siku tatu. Lakini nani atapeleka nyumbani kwa mumewe, kwa mkono wake mwenyewe, kitabu kinachomwambia dunia nzima ivumilie? Mtu wa Skelbeck utamnyeshea mvua mwaka mzima na hatanung'unika, ila usimwandike. Akashuka kilima na goti lake likimsema njia nzima.

Wilf alikipokea kitabu chekundu, akaosha mikono, akaketi chini ya taa. Enid akasimama jikoni akijifanya anamenya karoti. Ukurasa wa kwanza ukageuka. Wa pili haukugeuka.

"Popote utakapolala Malta," Wilf alisoma kwa sauti, "utaamka ukiitazama bahari." Akainua macho. "Popote, Enid?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Katikati ya kisiwa je? Nyuma ya nyumba ya mtu? Chini kwenye pishi?" Akakifunga. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Enid zaidi. Alionekana kama mtu aliyekuwa amenyanyuka nusu kitini, akakaa tena. "Nilitaka kiwe kweli, mke wangu. Haki ya Mungu nilitaka. Kesho nitamwambia Bibi Braithwaite tunakuja."

Enid akaitazama karoti. Akaiona Agosti inakuja, maji yale yanamfika kiunoni, na goti lile halitamngoja mwaka mwingine. Ukweli uko juu ya kilima, na yeye ameukimbia kwa sababu ya koti la mtu! Akafungua mlango na kutoka mvuani bila hata kuvua aproni.

Duka lilikuwa limefungwa. Alipiga mlango mpaka paka akaja kuchungulia, kisha Hilary. Vile vitabu viwili vya kijivu, cha Malta na cha Uingereza, vilikuwa tayari kaunta, vimefungwa pamoja kwa uzi.

"Nilijua utarudi," alisema Hilary. "Samahani kwa kujua."

"Ulijua, ukaniacha nishuke kilima na goti hili?"

"Hukuniuliza," alisema Hilary, akaziba mdomo kwa kiganja kama aliyeponyokwa na chafya.

Enid akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe ulimi unao na wewe," akasema. Akamkumbatia akamlowesha.

Nyumbani akaweka vitabu vyote viwili mbele ya Wilf na kidole chake juu ya neno Skelbeck. "Anza hapa. Soma mpaka mwisho, kisha usiniambie kitu."

Wilf akasoma, midomo ikicheza. Alifika penye mvua akatikisa kichwa kukubali. Alifika penye ufunguo wa kanisa akasema, "Kweli kabisa, mlango wa bluu." Alifika penye soko. Mabega yakaanza kutikisika.

"Wilf, ukicheka chakula cha leo utapika mwenyewe."

"Sicheki."

"Na mabega hayo?"

"Yana baridi." Akasoma tena, taratibu, kama aliyepewa peremende asiyetaka iishe. "Wamekuonea, Enid."

"Si ndiyo!"

"Wameandika koti tu. Viatu hawakuvitaja, nywele hawakuzitaja, wala siku ile uliyomwambia mchungaji mahubiri yake yangetosha shuka ya vitanda viwili."

Kitambaa cha vyombo kikaruka jikoni kote kikampata usoni. Wilf akakitoa, akakikunja vizuri, akaacha kucheka. "Lakini chai ameisema. Bora kuliko zote bondeni. Aliyeandika hivi hakuogopa kukuudhi, na wala hakukunyima haki yako. Wacha tuone amesema nini juu ya Malta."

Basi akakifungua cha Malta. Karoti zikaiva, zikapoa. Enid alikaa upande wa pili wa meza na mikono mapajani, akihesabu kurasa zinavyogeuka. Wilf alisoma kwamba mwezi wa tano bahari bado ina baridi hata kama picha za wengine zinasema vingine, na Agosti jua litakukaanga. Njoo mwisho wa Septemba, maji yakiwa yamekunywa joto la kiangazi kizima. Alisoma kwamba sehemu nyingi hakuna mchanga, ni mwamba mtupu, na mwenye magoti mabovu atafute mahali palipofungwa ngazi ya chuma, ila achunge daraja la mwisho, lina utelezi. Alisoma juu ya vyoo, na vingi vilikuwa vimefungwa. Kisha akafika kwenye mabasi.

Kurasa mbili nzima za mabasi! Mabasi ya zamani, ya manjano, kila dereva akilitunza lake kwa mikono yake, picha za watakatifu mbele, gia zikilia kama punda, na breki za baadhi yake ni bora usiulize. Wilf alizisoma mara tatu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kubadilisha gia juu ya meza, kati ya chumvi na siki.

"Septemba," akasema.

Enid akaenda kupasha moto karoti, mgongo ameugeuza, na alikaa huko kuliko muda ambao karoti huhitaji.

Kesho yake mlangoni mwa kanisa Bibi Braithwaite aliuliza, Wilf akavua kofia akamwambia hapana. Mama yule ikabidi ashike ukuta. Akina Hardcastle, waliokuwa wamesimama karibu bila sababu yoyote, walifika kabla neno halijamaliza kutoka kinywani, na hawakumwuliza tena habari za kifua.

Septemba ilipokaribia kwisha walikuwa Malta. Hawakulala mahali pa kuona bahari. Waliona ukuta na nguo za jirani, kama kitabu kilivyoonya, na Wilf aliutazama ukuta ule kwa furaha kuu. Asubuhi moja walifika penye mwamba na ngazi ya chuma. Enid akashuka, akaruka daraja la mwisho, akaachia mikono. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Wilf, juu mwambani, alikuwa amekwisha kuziba masikio kwa mazoea.

Hakusikia kitu. Akazibua sikio moja. Akazibua la pili. Akasimama na kitabu mkononi.

"Enid? Uko hai?"

"Nyamaza, Wilf. Niko sebuleni."

Alikaa humo mpaka vidole vikawa kama zabibu kavu. Wilf alikwenda na basi moja la manjano, akarudi na jingine, akaenda na la tatu, kila dereva akiwa amekwisha kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Jua lilipoinama alikuja mbio mwambani.

"Enid, toka! La mwisho ndilo hilo linaondoka. Kitabu kinasema jioni halingoji mtu!"

Enid alikuwa amelala chali juu ya maji, tumbo limeelekea mbinguni, makoti ya watu wote duniani yakiwa salama.

"Kitabu hakisemi uongo, mpenzi," alisema. "Kimbia ulipande. Mimi nitakuja kwa miguu."